Faili Lililobaki Kwenye Kompyuta

Chupa ilikuwa juu ya meza, ndani ya mfuko wa nailoni wenye namba ya kesi, na mwenye chupa alikuwa ameketi mbele yake akijifuta jasho kwa ncha ya tai. Mtaani walimwita Bosi Kunguni. Hakulipenda jina hilo, lakini ndilo lililomuuzia dawa.

"Soma mwenyewe, afande," alisema. "Soma hapo kwa sauti."

Inspekta, mwanamke wa makamo, alikuwa ameshasoma mara tano tangu asubuhi. Alivaa miwani, akasoma tena. "Changanya vifuniko kumi kwa lita tano za maji. Pulizia chumba. Subiri dakika ishirini."

"Na karatasi yangu ya dawa inasemaje?"

"Kifuniko kimoja kwa lita kumi. Subiri saa sita, fungua madirisha yote."

"Umeona mwenyewe! Mimi nimetengeneza dawa ya kunguni, sikutengeneza sumu ya watu. Yule binti aliyenichorea lebo ndiye aliyezigeuza namba. Alinikasirikia kwa sababu nilikuwa sijammalizia pesa yake. Kaniwekea mtego, nikauza bila kujua. Na kama unadhani namsingizia, huu hapa ujumbe wake."

Alisukuma simu mezani. Inspekta akausoma. *Wewe bwana, tumekuona. Usipolipa utaijutia kazi hii mpaka uzee wako.*

Ujumbe ulikuwa mzito, hasa kwa mambo yalivyokuwa. Siku mbili nyuma, mama mmoja alinunua chupa kama hiyo dukani. Alipima vifuniko kumi akihesabu kwa sauti ili asikosee. Akapulizia chumba, akatoka nje, akaitazama saa ya ukutani mpaka dakika ishirini zikatimia. Kisha akamlaza mwanawe wa miaka minne kwa usingizi wa mchana. Hakukosea hata tone. Alifanya kila kitu kama chupa ilivyomwambia, na sasa mtoto alikuwa hospitali na mrija wa hewa puani.

Mkuu wa kituo alikuwa amesema neno moja tu asubuhi ile: kufikia saa kumi jioni anataka jina daftarini, na jina hilo lifike mahakamani kesho yake. Kwa ushahidi uliokuwapo mezani, jina lilikuwa la binti mchoraji.

Inspekta aliinuka na ile chupa, akaenda dirishani. Aliigeuza polepole kwenye mwanga. Lebo ilikuwa ya kijani, na katikati palikuwa na ua jeupe lililochorwa kwa ustadi, na juu yake maneno *Lala Bila Kero*. Aliinamisha chupa upande. Kwenye ile kijani ulipita mstari uliopauka, wa mshazari, kutoka kona ya chini hadi kona ya juu, kama ukuta uliopakwa rangi juu ya maandishi ya zamani. Akatazama chini kabisa, penye namba ya simu. Herufi zote za lebo zilikuwa nyembamba na za mviringo. Za namba ya simu zilikuwa nene, za kukatakata.

Alirudi kwenye kiti chake.

"Bosi, namba hii ya simu ni yako?"

"Yangu."

"Na ni sahihi?"

"Sahihi kabisa. Isingekuwa sahihi nisingeuza hata chupa moja, wateja wangenipataje?"

"Kwa hiyo uliikagua."

"Ndiyo kitu cha kwanza."

"Na haya maneno ya kuchanganya?"

Bosi Kunguni alikunja tai. "Hayo nilimwamini. Mimi si mchoraji, afande."

"Kusoma si kuchora, bosi." Inspekta alifungua daftari. "Lebo hii alikupa yeye, ikiwa imekamilika?"

"Imekamilika."

"Kabla hujamaliza malipo?"

"Tulielewana. Watu tunaaminiana."

Inspekta aliandika jibu lile neno kwa neno, akampa asaini. Kisha akamwita Koplo. "Piga picha mazungumzo yote kwenye simu hii. Si ujumbe huu mmoja alioturushia usoni. Yote, tangu salamu ya kwanza."

"Jamani, afande, kuna mambo ya familia humo," Bosi Kunguni alilalamika.

"Familia tutairuka," alisema Koplo. "Sisi tunatafuta kunguni tu."

*

Mchoraji aliishi na mama yake nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la mbao. Kompyuta ilikaa juu ya meza ya cherehani. Cherehani yenyewe ilikuwa chini, imefunikwa kanga kuukuu. Inspekta alipopiga hodi, aliyefungua alikuwa mama.

"Karibuni. Vueni viatu... hapana, jamani, ingieni tu, ingieni tu navyo." Alifuta kiti ambacho hakikuwa na vumbi, akakifuta tena. "Mwanangu hajafanya kitu, afande. Nawaambia mapema."

"Mama, hata sijauliza."

"Ndiyo maana nawaambia mapema."

Binti aliinuka kutoka kwenye kompyuta. Alikuwa na miaka kama ishirini na minne, na macho mekundu ya mtu anayekesha. "Shikamoo, afande."

"Marahaba. Keti. Habari ya mtoto umeisikia?"

"Nimeisikia leo asubuhi, sokoni." Aliketi ukingoni mwa kiti. "Niliposikia ni dawa ya kunguni nikarudi mbio."

"Kufanya nini?"

"Kuangalia namba."

Koplo alimtupia Inspekta jicho. Inspekta alivuta kiti mpaka magoti yake yakagusa meza ya cherehani.

"Nieleze unavyofanya kazi. Tangu mteja anapokuja mpaka anapoondoka. Usiruke."

Binti alieleza, sauti yake chini. Mteja anatoa nusu ya malipo, yeye anaanza kuchora. Akifika mahali pazuri anatuma sampuli, picha tu, ili mteja aone lebo itakavyokuwa. Juu ya sampuli anaandika neno SAMPULI kwa herufi kubwa za kijivu, za mshazari, isije ikapelekwa kuchapwa. Mteja akiridhika anamaliza malipo, na hapo ndipo anatumiwa faili kamili la kuchapisha.

"Siku zote hivyo?"

"Siku hizi. Zamani nilikuwa natuma kila kitu."

"Alikuwa anagawa kazi yake kama karanga za kuonja," mama aliingilia. "Mwulize habari za duka la viatu! Aliwapa kila kitu kabla hawajamaliza kumlipa. Wakabadilisha namba ya simu, basi, kwisha. Nembo yake ipo juu ya bango kubwa pale barabarani. Tunapita chini yake kila tukienda sokoni, kiatu kinatutazama kinacheka. Tangu siku ile nilimwambia, usimpe mtu kitu mpaka pesa iwe mkononi. Ndiyo, mimi nilimwambia. Kuna kosa hapo?"

"Hakuna, mama," alisema Inspekta. "Nioneshe sampuli ya Bosi Kunguni."

Binti alibofya. Ua jeupe lilijaa kwenye skrini, kijani nyuma yake, na neno SAMPULI limelala juu ya vyote. Penye namba ya simu palikuwa na sifuri kumi, zimepangwa mstari mmoja. Na penye maneno ya kuchanganya paliandikwa, kwa zile herufi nyembamba za mviringo: *vifuniko kumi kwa lita tano.*

Koplo alipiga mluzi mdogo.

"Namba hizi umezitoa wapi?" Inspekta aliuliza.

"Kwenye lebo ya sabuni ya kusugulia sakafu. Kazi ya mwaka jana."

"Kwa nini?"

"Bosi alikuwa hajaniletea maneno yake. Alitaka kuona lebo kwanza. Ukimpa mteja lebo yenye nafasi tupu haoni lebo, anaona kazi haijaisha, anaanza kukusimanga. Kwa hiyo unajaza maneno yoyote yaliyopo, yakae mahali pake mpaka ya kweli yaje. Wote tunafanya hivyo."

"Namba ya simu uliweka sifuri."

"Ndiyo."

"Kwa nini vifuniko navyo hukuweka sifuri?"

Binti alizitazama zile sifuri kwenye skrini. Mama alimtazama yeye, kisha Inspekta, kisha yeye tena.

"Namba ya simu," binti alisema hatimaye, "nikiweka ya uongo mtu anaweza kuipigia. Niliogopa kumsumbua mtu asiyehusika."

Koplo alifunga daftari lake. "Kwa hiyo namba zilizoua... samahani, zilizomlaza mtoto, ni zako."

"Ni zangu."

"Usiseme hivyo!" Mama alisimama. "Usiseme hivyo mbele ya watu wenye daftari! Si zako, ni za sabuni!"

"Keti, mama," Inspekta alisema, si kwa ukali. "Binti, maneno ya kweli yalikuja lini?"

"Tarehe nne, kwa ujumbe wa sauti. Nikayaweka siku ile ile." Alibofya tena. Lebo ile ile, ua lile lile, ila safi, bila neno la kijivu. *Kifuniko kimoja kwa lita kumi. Subiri saa sita. Fungua madirisha yote.* Na chini namba ya simu ya Bosi Kunguni, kwa herufi nyembamba kama zingine. Kompyuta ilionesha faili lilihifadhiwa tarehe nne, saa kumi na dakika hamsini jioni.

"Hili umelituma kwa nani?"

"Sijalituma kwa mtu. Alikuwa hajamaliza malipo."

Leo ilikuwa tarehe kumi na saba. Inspekta aliandika tarehe zote mbili, moja chini ya nyingine, akatoka nje na Koplo.

"Saa ya kompyuta inarudishwa nyuma, afande," Koplo alinong'ona kando ya ghala la mbao. "Kasikia habari sokoni, karudi mbio, katengeneza faili zuri la kutuonesha. Mwenyewe kasema alirudi mbio."

"Inawezekana. Ndiyo maana sijaandika jina la mtu kwa wino mwekundu. Twende kwa aliyechapa."

*

Fundi wa chapa aliitwa Wino, kwa sababu mikono yake haikuwahi kuwa na rangi moja. Siku hiyo ilikuwa ya zambarau. Mashine yake ilikuwa inanguruma; Inspekta alinyoosha kidole kwenye swichi, naye akaizima.

"Mama Inspekta, mimi nachapa ninacholetewa. Nilipewa lebo, nikachapa. Mia tano, tarehe sita. Risiti hii hapa."

"Uliletewa nini? Faili kamili au picha?"

"Faili kamili."

"La mchoraji?"

"La mchoraji, naam."

Inspekta alitoa chupa kwenye mfuko, akaiweka chini ya taa ya kukagulia rangi, taa ya Wino mwenyewe, nyeupe na kali. Aliinamisha chupa. Ule mstari uliopauka ulijitokeza wazi, na safari hii ulisomeka: mguu wa M, tumbo la P, na mkia wa L ukipita kwenye petali la ua.

"Hebu nisomee, fundi. Wewe una macho ya kazi."

Wino alitazama. Alijifuta mikono kwenye aproni, ikazidi kuwa ya zambarau.

"Nilifuta vizuri," alisema taratibu. "Mtu wa kawaida haoni."

"Mimi si wa kawaida, nimezoea kufichwa. Nani alikwambia ufute?"

"Bosi alikuja na picha kwenye simu. Akasema mchoraji anamzungusha, anataka pesa juu ya pesa, na yeye ana wateja wanasubiri. Akasema, Wino, wewe ni fundi au si fundi? Nitolee hiki kijivu. Nikamtolea. Picha yenyewe bado ninayo kwenye simu, sikuifuta."

"Na namba ya simu?"

"Palikuwa na sifuri tupu. Akaniambia niweke yake, nikaiweka. Herufi zile nyembamba sikuwa nazo, nikatumia nilizonazo. Akaisoma namba mara tatu, tena kwa kidole, moja moja."

"Akasoma na vifuniko?"

"Hapana."

"Wewe ulisoma?"

Wino alitazama mashine yake iliyozimwa. "Mama, kwa siku napitisha lebo elfu mbili hapa. Nasoma kama rangi imekaa. Nasoma kama ukingo umenyooka." Alikunja ncha ya aproni. "Nina wajukuu watatu nyumbani. Na mimi nilichukua chupa moja, kama shukrani. Iko chini ya kitanda chao, sijaifungua."

"Kaitoe sasa hivi," alisema Inspekta. "Koplo ataandika maelezo yako ukirudi. Nenda."

Mzee yule alitoka mbio na aproni yake.

Koplo alisubiri mpaka mlango ukafungwa. "Basi Bosi alitudanganya. Hakupewa lebo iliyokamilika. Aliiba sampuli. Lakini binti naye, afande, angeweza kuweka zile namba makusudi, akijua jamaa ataiba. Na ule ujumbe?"

"Leta picha za mazungumzo."

Walisimama chini ya ile taa nyeupe wakisoma. Inspekta alipitisha kidole kwenye kila tarehe. Tarehe moja, sampuli inatumwa: *Shkamoo bosi, hii n sampuli tu, maneno bado.* Tarehe nne, saa kumi na moja kasoro dakika tano: *Shkamoo bosi. Maneno yako nmeyaweka yote km ulivyosema. Faili kamili liko tayari, ukimaliza malipo nakutumia hapo hapo.* Bosi Kunguni aliuona, akajibu kwa alama ya kidole gumba.

"Saa ya kompyuta inarudishwa nyuma," Inspekta alisema. "Saa ya simu ya Bosi Kunguni nani aliirudisha? Faili lilikuwapo tarehe nne. Na huyu bwana aliambiwa wazi kuwa alichonacho hakina maneno yake."

"Na ule wa kutisha?"

"Tarehe kumi. Chupa zina siku nne sokoni. Ukimtegea mtu mtego humtishi, unangoja ufyatuke. Huyu ametishia chupa zikiwa tayari zinauzwa." Aligonga skrini kwa ukucha. "Na tazama kingine. Binti huyu hajawahi kumwandikia Bosi bila shikamoo. Mara kumi na moja, hata akidai. Halafu siku moja tu anaanza na *wewe bwana*? Na maneno yote marefu, hajakata hata moja? Huyu hakuwa yeye."

Koplo aliusoma ujumbe upya. "*Tumekuona*," alisema. "Wamemwona wapi?"

"Hilo ndilo swali la mwisho. Na sipendi jibu lake."

*

Walirudi ilipokuwa saa tisa. Hakuna aliyekuwa amehama mahali pake. Mama alikuwa na kanga ya cherehani mapajani, anaikunja na kuikunjua.

"Mama," alisema Inspekta, "ujumbe wa tarehe kumi uliandika wewe."

Kanga ilitulia. Binti aligeuka ghafla.

"Nimeandika mimi," mama alisema. "Simu yake ilikuwa mezani, yeye yuko bafuni. Sikumwambia. Nilijua angemwomba radhi yule mtu, huyu mtoto anaomba radhi hata kwa mlango."

"Mama!"

"Ndiyo, nimesema! Tulikuwa tumetoka kuiona ile chupa, damu inanichemka."

Inspekta aliinama mbele kidogo. "Mliiona wapi?"

Kutoka ghalani ilisikika msumeno ukikata, ukikwama, ukikata tena.

"Dukani pale kona," binti alisema. "Nilikwenda kununua chumvi. Nikaiona kwenye rafu. Nikaipiga picha nimwoneshe mama."

"Unayo?"

Alimpa simu. Picha ilikuwa nzuri, imepigwa karibu, kwa mkono usiotetemeka, na mtu anayejua kupiga picha za lebo. Kila herufi ilisomeka. Tarehe kumi, asubuhi. Siku tano kabla ya yule mama kusimama chumbani mwake akihesabu vifuniko kwa sauti.

Inspekta aliiweka simu juu ya meza, uso juu.

"Namba zinasomeka."

"Ndiyo."

"Hukuzisoma."

"Nilikuwa naangalia ua langu." Binti hakulia, alisema kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali. "Niliangalia kama wamelikata. Nikaangalia namba ya simu, nikaona wameiweka kwa herufi mbaya, nikachukia. Nikamwambia mama, ona walivyoniharibia. Tukakaa hapa jioni nzima tunapiga hesabu ya alichonila. Ningesoma mstari mmoja tu, afande. Ningekwenda dukani nikapiga kelele."

"Hata mimi niliishika ile simu," mama alisema. "Nikakuza picha hivi, kwa vidole viwili. Nilikuwa natafuta jina lako, kama wameliandika."

Koplo alikuwa anatazama viatu vyake.

"Nitakuuliza moja kwa ajili ya daftari," alisema Inspekta. "Tarehe nne ulikuwa na maneno ya kweli. Mchoro wako ulikuwa na haki ya kuuzuia, na nitasema hivyo mbele ya yeyote. Lakini maneno ya vifuniko yalikuwa yake, si yako. Ulishindwa nini kumwandikia mstari mmoja, kwamba sampuli aliyonayo ina namba za sabuni ya sakafu?"

"Sikufikiri kama vinaweza kutengana. Nilidhani nikishika, nashika vyote."

"Mimi ndiye niliyemwambia ashike," mama alisema. "Andika hilo. Aliniuliza siku ile ile, akasema, mama, nimtumie tu, nahisi atamaliza? Nikamwambia, ulihisi hivyo hivyo kwa wale wa viatu. Andika, afande. Wazazi wengine wasikie. Nilikuwa namlinda asiibiwe. Nilikuwa namlinda yeye tu, sikumfikiria wa mtu mwingine."

Inspekta aliandika. Kisha akapindua ukurasa.

"Sikia, binti. Jina litakaloingia daftarini saa kumi si lako. Ni la aliyechukua kazi asiyoilipia, akaambiwa si sahihi, akafuta alama, akauza. Wino atatoa ushahidi, na wewe utaitwa. Faili lako la tarehe nne ndilo litakalokuokoa."

Mama alishika kifua. Binti hakusogea.

"Halikumwokoa aliyetakiwa," alisema.

Simu ya Koplo iliita. Alisikiliza, akasema ndiyo, akasema asante, daktari. Wote walikuwa wanamtazama mdomo.

"Amefumbua macho," alisema. "Amemwita mama yake. Miguu bado haina nguvu, wanasema wasubiri. Hawajui kama itarudi."

Hakuna aliyesema alhamdulillahi. Mama alianza kuikunja kanga tena, pembe kwa pembe, ndogo, ndogo zaidi.

"Kazi haijaisha," alisema Inspekta. "Chupa mia mbili tumezikamata madukani na ghalani kwake. Mia tatu ziko majumbani mwa watu, na wengine hawajafungua. Ninataka tangazo kwenye kila mlango wa duka kabla giza halijaingia: picha ya chupa, na chini yake maneno ya kweli, makubwa. Wino ameshawasha mashine, anasubiri. Hana faili. Hili la kwako ndilo pekee lenye maneno sahihi."

Binti alikuwa ameshaigeukia skrini. Ua jeupe lilikuwa bado pale, safi, bila alama yoyote juu yake. Alilikuza mpaka mstari mmoja ukabaki: *kifuniko kimoja*. Akausoma kwa kidole, neno kwa neno, kama Bosi Kunguni alivyosoma namba yake ya simu. Akausoma mara ya pili. Akaandika anwani ya Wino. Mkono ulikwenda kwenye kitufe, ukasimama hapo, na kwa mazoea ya mwaka mzima akageuza shingo kumtazama mama yake.

Mama aliiweka kanga chini.

"Tuma, mwanangu," alisema. "Tuma."

Alibonyeza. Mstari wa bluu ulijaa kutoka kushoto kwenda kulia. Ulichukua sekunde tatu.